Kompyuta mbili na fundi redio mmoja: uzoefu wangu na gari la 1993

Gari langu ni saluni ya Kijapani ya mwaka 1993, injini ya petroli, gia za mkono. Lilikuwa la marehemu baba, na nyumbani hakuna anayethubutu kutamka neno kuliuza. Miaka yote halikunidai zaidi ya breki na bushi. Ramadhani ya mwaka jana ndipo lilipoanza vituko. Asubuhi linawaka kwa ufunguo mmoja, linakwenda vizuri, lakini likishapata joto injini haitulii. Umesimama kwenye foleni ya Buxton, hapa Mombasa, mguu umeutoa kwenye mafuta, mshale wa mzunguko unapanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa wa pumu. Mara puu, limezimika.

Lililonivunja moyo lilikuwa kwenye feri. Tumevuka salama, mlango umeshushwa, watu wamemiminika, nami naanza kupanda ule mlima wa kutokea upande wa Likoni. Likazimika katikati ya njia. Nyuma yangu kuna lori, ubavuni kuna mikokoteni, na kila mwenye mdomo ana ushauri. Vijana watatu walinisukuma hadi juu wakachukua mia mbili. Nawashukuru, ingawa mmoja alinishauri ninunue punda.

Fundi wangu wa kawaida alibadilisha plagi, kisha chujio la mafuta, kisha pampu ya petroli. Mwisho akaikaza skurubu ya kebo ya mafuta ili injini izunguke juu zaidi isizimike. Lilikuwa kama kumnyanyua mgonjwa kwa kumvuta masikio. Elfu kumi na moja zilikwenda hapo, sitaki kuzikumbuka.

Wa pili alikuwa fundi wa waya, na huyu alijua kazi. Gari la umri huu halina ile plagi ya kisasa ya kuchomeka mashine ikakusomea ugonjwa kwenye kioo. Unaunganisha matundu mawili ya plagi iliyo chini ya dashibodi kwa kipande cha waya, unafungua ufunguo bila kuwasha injini, halafu unahesabu taa ya injini inavyopepesa: ndefu ni makumi, fupi ni moja moja. Tulikaa na karatasi na kalamu kama tunasubiri matokeo ya mtihani. Taa haikupepesa. Iliwaka moja kwa moja, ikatukodolea macho. Akapima fyuzi, rilei kuu na waya za athi zinazofungwa kwenye bodi ya gari (zilikuwa na kutu, akazisugua kwa msasa), akapima chaji ya alteneta. Kila kitu kizima. Akasema, "Kompyuta," yaani lile boksi la umeme linaloiongoza injini. Mpaka hapo nampa alama zote, maana wengine huanza na kompyuta kabla hata hawajafungua boneti.

Nikaingia maduka ya spea kutafuta nyingine. Hapa msomaji ajue mambo mawili. Kwanza, Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8, kwa hiyo kompyuta ya gari la 1993 haiji kila siku na makontena. Unategemea iliyobaki kwenye rafu ya mtu au iliyotolewa kwenye gari lililokatwakatwa. Pili, namba iliyobandikwa juu ya kompyuta lazima ifanane na yako herufi kwa herufi. Ya gia za mkono na ya otomatiki huweza kuwa na plagi zilezile na ukubwa uleule, ikaingia vizuri kabisa, kisha gari likakuimbia wimbo mwingine. Niliipata yenye namba yangu siku ya tatu ya kuzunguka. Shilingi elfu kumi na nane, bila kupunguza hata thumni. Juu ya kaunta kuna kibao: vitu vya umeme havirudishwi. Nilikisoma, nikatoa simu, nikalipa.

Kuifunga hakukuchukua nusu saa. Unatoa betri, unalala kifudifudi upande wa abiria miguu ikiwa nje kama mtu anayetafuta hereni, unafungua skurubu nne na plagi tatu. Magari ya miaka ya karibuni yana kompyuta inayoujua ufunguo wake, ukibadilisha bila kuiprogramu halitawaka. Langu halina habari hiyo. Liliwaka palepale, likatulia kimya. Kwa siku kumi na mbili nilikuwa mfalme wa Nyali Bridge.

Siku ya kumi na tatu, foleni ileile, pumu ileile.

Nilirudi dukani. Muuzaji hata hakunyanyua kichwa, alikionyesha kibao kwa kidole. Sina haki ya kumlaani kwa hilo, kibao nilikisoma mwenyewe. Ninachomlaumu ni kwamba nilipomuuliza kabla ya kulipa kama imepimwa alisema imepimwa, na mtu haipimi kompyuta ya injini kwa kuipangusa vumbi.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Majengo anayetengeneza redio na televisheni. Nilielekezwa kwake na muuza kahawa. Banda lake halifiki hatua nne kwa tatu, feni moja, na meza iliyojaa matumbo ya redio. Nilimpelekea kompyuta zote mbili ndani ya mfuko. Alifungua kwanza ile ya zamani, ya gari lenyewe. Kifuniko cha aluminiamu kilipotoka tu, harufu ikatupiga wote: ng'onda! Naapa ni harufu ya papa mkavu wa Marikiti, ndani ya kompyuta ya gari. Mzee akacheka. "Hino ndiyo harufu yake, mwanangu. Kapasita zimevuja."

Akanipa kioo cha kukuzia. Kapasita ni vile vipipa vidogo vya rangi vilivyosimama kwenye bodi, ndani vina maji ya kemikali. Chini ya viwili kulikuwa na utando wa kahawia unaong'aa kama asali iliyokauka, na njia nyembamba za shaba zilizopita hapo zimegeuka kijani, moja imelika ikakatika kabisa. Akaniambia vipipa hivyo huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa tu, na kila joto likiongezeka nyuzi 10 umri wake hupungua karibu nusu. Sasa fikiria dashibodi ya gari linaloshinda juani Mombasa miaka yote hiyo.

Akafungua ya pili, ile ya elfu kumi na nane. Hakuna harufu, lakini kapasita zake ni zilezile, umri uleule, moja imeanza kuvimba kichwa. Na pembeni kulikuwa na transista (swichi ndogo ya umeme) moja nyeusi yenye tundu dogo, imepasuka kama bisi. Kompyuta ya zamani nayo ilikuwa na transista hiyohiyo, mahali palepale, imeungua. Mzee akaziweka sambamba, akavua miwani.

"Hino ya pili haikufa, imeuliwa. Na muuaji yumo garini mwako. Ukitia ya tatu, itakufa ya tatu."

Muuaji ni kidude kinachofungua na kufunga njia ya hewa pale unapokuwa hujakanyaga mafuta. Ndani kina koili nne, na kompyuta inaziendesha moja moja. Nilikifungua nikamletea siku ya pili. Koili tatu zilisoma kwenye mita kama omu 30 kila moja (omu zikipungua, umeme unaopita unaongezeka). Ya nne ilisoma 4. Piga hesabu mwenyewe: volti 12 kwenye omu 30 ni ampea 0.4, kwenye omu 4 ni ampea 3. Ile transista haikuumbwa kwa ampea 3. Tulipokikung'uta yakatoka maji yenye kutu, maji ya rejeta yaliyokuwa yakipenya taratibu. Hapa nakiri kosa ni langu. Rejeta yangu naijaza maji ya kisima, na visima vyetu mnavijua vilivyo na chumvi.

Kazi yenyewe ilichukua siku sita, ingawa aliniahidi mbili. Alitoa kapasita zote tano, hata zilizoonekana nzima, akatia zinazostahimili joto la nyuzi 105 badala ya 85, akasugua bodi kwa spiriti na mswaki, akaunga njia iliyokatika kwa uzi mmoja wa waya, akabadilisha transista. Nilikaa pale jioni mbili nikinywa kahawa tungu kwa kashata nikimwangalia, na sijaona mkono wa mzee ulivyotulia vile. Kompyuta zote mbili alinitoza elfu sita na mia tano. Kidude cha hewa nilikitafutia kingine kwa elfu nne, na safari hii nilikipima koili zote nne kaunta palepale kabla ya kulipa. Muuzaji alinuna, basi akanuna.

Malalamiko yangu kwa mzee ni mawili: hatoi risiti, na simu hapokei. Ukitaka habari ya kazi yako ni lazima uende mwenyewe, na ukienda saa ya swala utasubiri.

Sasa ni mwezi wa tisa tangu kazi hiyo. Kompyuta ya baba imerudi mahali pake, taa inapepesa inavyotakiwa, na rejeta inakunywa maji ya chupa na dawa yake. Ile ya pili nimeifunga kwenye plastiki, iko kabatini chini ya mashuka, na mke wangu keshauliza mara mbili kama inanuka. Kilichobaki ni AC: nikiiwasha injini inainama kidogo kabla ya kujishika. Mzee anasema tuanze na waya, tusiiguse kompyuta. Nitalipeleka mwisho wa mwezi.