Nililipia kipepeo wa Taita, nikatolewa wa kwenye barafu

Kama hujawahi kutolewa kipepeo kwenye boksi la barafu ukaambiwa "haya, piga picha", basi nenda Taita na hawa jamaa.

Ni kampuni ya kutembeza wageni, jina lake sitaliandika, sitaki simu za mawakili. Wana ofisi, wana fulana zenye nembo, na kwenye simu maneno yao ni asali. Niliwaeleza wazi ninachotafuta: kipepeo aitwaye Cymothoe teita, ambaye duniani kote anapatikana kwenye vipande vya msitu vilivyobaki Milima ya Taita tu. Nikasema nataka dume akiwa juu ya jani alilolichagua mwenyewe. "Hakuna shida, madam, tutampata." Na kweli walimpata, ndiyo maana naandika.

Tulipanda kupitia Wundanyi hadi msitu wa Ngangao. Usidhani ni msitu wa kupotea, ni hekta 120 hivi, na mashamba ya watu yamefika hadi ukingoni. Kuna mahali unapita chini ya misonobari ya kupandwa ukaona msitu ndio huo, kumbe kipepeo huyu hana habari nao. Viwavi wake wanataka majani ya mti uitwao Rawsonia. Halafu ukungu. Upepo unaleta unyevu kutoka baharini, unakwama mlimani, na asubuhi nzima hakuna kinachoruka. Hilo silalamikii, kungoja jua ndiyo kazi yenyewe. Aliyeshindwa kungoja ni mwongozaji wetu. Mara aangalie saa, mara apige simu, mara atukumbushe kwamba ana wageni wengine Voi jioni.

Jua lilipotoboa, dume akaja. Rangi ya malai, anapiga mbawa mara mbili tatu kisha anateleza hewani kama karatasi iliyorushwa na mtoto fundi. Akatua kwenye jani lenye mwanga, usawa wa uso wangu. Nikawa nasogea taratibu, lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, iko tayari, pumzi nimebana. Nyuma yangu nikasikia fyuu! Wavu wa mwongozaji.

"Dada, hawa hawakai. Mpaka umlaze kwanza ndiyo upate picha safi."

Akamtia kwenye chupa ya plastiki, chupa akaizamisha kwenye barafu. Na lile boksi tulikuwa nalo tangu asubuhi! Mimi nikajua ni la soda.

Kwamba mbinu inafanya kazi, sibishi. Misuli ya mbawa ikipoa kipepeo haruki, utamweka popote atakaa. Akamtoa, akamlaza juu ya jani la kangaga, akamkunjua bawa kwa kidole. Kwa kidole! Gumba likabaki na unga wa rangi ya malai, na bawa la kulia likabaki na doa tupu. Picha ninayo, niliipiga iwe ushahidi. Ukiikuza unaona miguu imejikunja chini ya tumbo, haijashika jani hata kidogo.

Nikamwambia sikusafiri kuja kupiga picha mgonjwa. Jibu lake: "Wageni wote wanafurahi. Ni wewe tu unaleta shida." Akaenda zake kukaa kwenye gogo, na simu yake.

Lakini haki ya mtu nayo isemwe. Kijana wao wa kubeba mizigo, ambaye hakuna aliyenitambulisha kwake, alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Ungoje hapahapa dada, hilo jani halikosi mwenyewe." Na halikukosa. Dume mwingine alikuja kukalia jani lilelile, nikampiga kwa ubavu na kwa juu, mwanga unapita mbawani. Kisha kijana akanipeleka kwenye shina alilokuwa amelipaka ndizi zilizochacha, na pale nikamkuta jike, ambaye kwa rangi huwezi kuamini ni mke wa yule dume. Siku yangu yote aliiokoa yeye. Nikawa njiani nimeshaamua kuwasifu: nendeni nao tu, muombeni huyu kijana, huyo mwenye wavu abaki ofisini.

Ndipo ikaja risiti. "Barafu na vifaa vya picha", shilingi 800. Barafu! Nilipouliza, dada wa ofisini akanijibu kwamba hiyo imo kwenye huduma kwa kila mteja mwenye kamera. Kwa hiyo wala si ujeuri wa mtu mmoja, ndivyo wanavyofanya kazi, na kila anayekuja na lenzi kuna kipepeo wa pekee duniani anayetiwa kwenye chupa kwa ajili yake. Nafuta nilichosema kuhusu kwenda nao. Msiende.

Nikaomba namba ya yule kijana niende naye peke yetu msimu ujao. Wamekataa, eti ni sera ya kampuni.