Mlango wa chini wa ghorofa: ninavyoipanga mifumo ya umeme ya kuufungua, ya kwanza hadi ya mwisho

Kabla hujaenda kuuliza bei Kariakoo, jiulize kwanza: mpangaji wa namba 7 akihama leo jioni, kesho asubuhi bado ataweza kuingia? Kwenye jengo letu la ghorofa nne, Kijitonyama, jibu kwa miaka mingi lilikuwa ndiyo. Ufunguo wa mlango wa chini ulikuwa wa aina moja kwa wote, na fundi funguo wa pale kituoni alikuchongea wa ziada huku unasubiri daladala. Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi. Tumeshanunua vitu viwili vibaya na kimoja kizuri, na mpangilio huu umetoka humo.

Nazungumzia majengo ya familia kumi hadi thelathini. Kama mko familia nne na mnajuana mpaka majina ya watoto, achaneni na umeme. Nunueni kitasa kizito na ule mkono wa mafuta unaourudisha mlango wenyewe, hela itakayobaki pakeni ngazi rangi.

Nafasi ya kwanza: kadi, ila si kadi yoyote

Ukipoteza kadi, inafutwa kwenye mfumo na maisha yanaendelea. Hiyo peke yake inaipa kadi nafasi ya kwanza. Tatizo ni kwamba nyingi zinazouzwa, pamoja na vile vidude vya plastiki vya kuning'iniza kwenye funguo, ni za mawimbi ya redio ya kilohezi 125. Ndani hamna siri yoyote. Kuna namba tu, na kadi inaitaja kwa kifaa chochote kitakachoiuliza. Kimashine cha mkononi kinainakili kwa sekunde chache, kwa hiyo mmerudi kwa fundi funguo.

Za megahezi 13.56 zina nafuu, lakini nazo chagua. Mifare Classic, aina mojawapo ya kadi hizo, siri yake ilivunjwa hadharani mwaka 2008 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, na bado inauzwa kama kawaida. Ulizia kadi za DESFire EV2 au EV3, zinazoficha data kwa usimbaji imara uitwao AES. Kisha mkazanie fundi kwamba rida (kile kisomaji cha kadi) isome data iliyofungwa ndani, isiishie kwenye namba ya utambulisho ya kadi. Akiiacha isome namba tu, utakuwa umelipia dhahabu ukavaa shaba.

Jambo la pili ni kontrola, ule ubongo unaoamua mlango ufunguke au la, inakaa wapi. Vifaa vya bei rahisi vimewekwa kila kitu ndani ya kiboksi kimoja, nacho kiko nje ukutani. Anayejua anafungua skrubu, anagusanisha nyaya mbili, mlango unaachia bila kadi. Rida ikae nje, kontrola ikae ndani, chumba cha mita au popote penye kufuli. Na kama mko karibu na bahari, rida iwe ya IP65 (kipimo cha kuzuia vumbi na maji) kwenda juu, maana chumvi haina simile.

Sumaku, na ile siku umeme ulipokatika

Kadi haifungi mlango. Kinachofunga ni sumaku ya juu ya fremu. Inayouzwa sana ina nguvu ya kushika kilo 280, inatumia volti 12 na kula kama nusu ampea muda wote. Umeme ukikatika, inaachia. Hilo si kosa, ndivyo ilivyotengenezwa ili moto ukizuka watu watoke. Akija mtu kukushawishi muweke kifaa kitakachowafungia ndani umeme ukikatika, msindikize mpaka getini.

Dawa ni betri. Ya ampea-saa 7 kwa hesabu ya kalamu inaibeba sumaku hiyo saa 14, lakini kontrola nayo inakula, na betri ikizeeka hesabu inabaki kwenye karatasi. Sisi kifaa cha kwanza tuliuziwa bila betri kabisa. Tuligundua usiku wa kwanza wa giza, mlango ukipepea kama pazia.

Halafu kuna bamba la chuma linaloshikana na sumaku. Linatakiwa lichezecheze kidogo kwenye mpira wake ili lilale sawa. Fundi wetu alilikaza mpaka likagoma kusogea, sumaku ikawa inashika upande mmoja, na kijana wa gesi akaufungua mlango kwa bega tu, mtungi ukiwa mkono wa pili.

Nafasi ya pili: geti la kubipu

Kwa geti la magari hiki ndicho nikipendacho. Ni kiboksi chenye laini ya simu. Unakibipu, kinaitambua namba yako, kinakata, geti linafunguka bila salio lako kuguswa. Aliyehama unafuta namba yake. Kasoro zake: mtandao ukisumbua mnabaki nje, laini isiyowekwa salio hufungiwa siku ambayo hamkuitegemea, na mjanja anaweza kuighushi namba inayopiga. Kwa hiyo geti la nje sawa, mlango wa ngazi hapana.

Ya tatu: intakomu ya video

Nzuri kwa wageni, na inamwokoa mlinzi kupanda ngazi kumwita mtu. Ila ichukueni ikiwa nyongeza ya kadi. Zile zinazopiga kwenye simu yako kwa programu hutegemea seva ya mtengenezaji na bando la jengo. Ulizeni kama skrini ya ndani inafanya kazi bila intaneti.

Ya nne: namba ya siri

Wiki moja tu, muuza maji anaijua.

Ya mwisho: kidole na uso

Najua ndivyo vinavyowavutia wenye nyumba. Lakini fundi saruji alama zake zimelika, mama aliyetoka kuparua samaki kidole kimelowa, na wote wawili wanagonga wafunguliwe. Kubwa zaidi, kadi ikivuja unatoa nyingine. Kidole utatoa kipi? Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za kibayometriki kwenye kundi la taarifa nyeti. Kamati ya wakazi yenye kompyuta moja mapokezi isijitwishe mzigo huo. (Na lile daftari la wageni lililoachwa wazi mezani, na namba za simu za watu, nalo lifungwe.)

Siku ya kukabidhiwa

Usimalizie malipo kabla ya kujaribu haya. Zima swichi kuu, uone mlango unabaki umefungwa kwa betri na kitufe cha kutokea ndani kinafanya kazi. Chomoa betri nayo, uone sumaku inaachia. Mwambie fundi afute kadi moja mbele yako, kisha akufundishe wewe uifute ya pili. Dai neno la siri la kontrola, na ulibadilishe yeye akiwa bado anakusanya vifaa vyake.

Sisi fundi wa pili aliondoka nalo. Kila mpangaji alipohama tulikuwa tunamlipa nauli aje kufuta kadi moja.