Maoni kwa mwenzako: pembeni mwa karatasi au ana kwa ana?

Insha ya mwenzako inadai kwamba mtandaoni kila mtu ni mwongo. Ukiandika pembeni, unaigusa sentensi yenyewe: "Kila mtu? Mfano wako ni mmoja tu, kijana wa Kondele, Kisumu, mwenye akaunti mbili za Facebook." Maoni hayo yanabaki, atayasoma tena usiku akiandika upya. Hapo pia ndipo pa kumkumbusha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, hoja aliyoiruka.

Mkizungumza mkielekea steji, muulize alitaka kusema nini hasa. Mara nyingi jibu la mdomo linaishinda aya nzima (mwambie aliandike papo hapo!). Ila makosa ya tahajia yatasahaulika kabla hamjafika soko la Jubilee. Mimi huanza na kalamu.