Seti ya kuziba mapengo ya jelikoti: kopo zuri, rangi zinazotaka subira

Kama jelikoti ya boti yako ya faiba, yaani lile tabaka gumu la rangi linalofunika nyuzi kwa nje, imemeguka vipande vidogo ukingoni, au ina mikwaruzo ya gati inayokwamisha ukucha ukiupitisha juu yake, seti hii inakufaa, na mimi nitainunua tena. Kama una nyufa zilizotawanyika kuzunguka boliti za sitaha, au shimo lililokula mpaka kwenye nyuzi za faiba, usiinunue kwa matumaini hayo. Nimeitumia kwenye boti nyeupe ya siku nyingi. Mapengo yake mengi yako omo, yaani mbele ya boti, pale nanga inapopigia ikivutwa juu, na ubavuni kuna mikwaruzo mirefu ya kusuguana na nguzo. Hiyo ndiyo kazi ambayo seti za namna hii zimetengenezewa, kwa hiyo naipima kwa kazi hiyo.

Ndani ya boksi kuna kopo dogo la jelikoti nyeupe iliyo nzito, kichupa cha hadina (dawa ya kuigandisha jelikoti), vityubu vya rangi, vipande vya nailoni angavu, vijiti vya kukorogea, glavu na msasa kidogo. Kitu cha thamani humo ni kopo. Jelikoti ya kawaida ya kupaka kwa brashi ni nyepesi. Ukiiweka kwenye pengo la ubavuni inachuruzika kabla haijashika, na asubuhi unakuta pengo liko wazi huku chini yake kuna mchirizi mgumu wa kusugua. Hii imekaa kama siagi iliyotoka kwenye baridi: unaichota kwa kijiti, unaikandamiza kwenye pengo, inabaki hapohapo. Hata kwenye kona kali ya ukingo, mahali ambapo kila kitu hutaka kudondoka, ilisimama.

Rangi ndizo zilizonisumbua, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wengi huharibu kazi halafu wakalaumu kopo. Boti nyeupe haibaki nyeupe. Jua huichosha, uso wake unakuwa wa chaki, na weupe unaelekea kwenye njano au kijivu. Ukiweka nyeupe ya kopo jinsi ilivyo, kila pengo ulilojaza litageuka kuwa doa linaloonekana kutoka mbali. Ndiyo maana kabla sijagusa tyubu yoyote husugua kwa dawa ya kung'arishia eneo dogo kando ya pengo, mpaka chaki iondoke na rangi halisi ya boti ijitokeze. Hiyo ndiyo rangi ya kufuatisha. Ukifuatisha chaki, siku utakayoipiga boti nzima polishi viraka vyote vitajitangaza.

Lawama yangu kwa watengenezaji ni midomo ya vityubu. Ni mipana mno. Pengo dogo linataka jelikoti ya kujaa kifuniko cha chupa, na kwa kiasi hicho tone moja la rangi nyeusi ni mafuriko. Niliacha kuminya tyubu juu ya mchanganyiko. Naminya rangi kidogo pembeni kwenye kipande cha plastiki, kisha nachovya ncha ya kijiti cha meno na kuongeza kwa kugusagusa. Kwa nyeupe iliyozeeka, njano kidogo huleta joto lake, na nyeusi ya ncha tu huishusha ukali. Koroga mpaka michirizi yote iishe, halafu paka kidogo moja kwa moja kwenye boti, kando ya pengo, ukiwa hujatia hadina. Itazame kivulini, itazame juani, rudi nyuma hatua kadhaa uitazame tena, kisha ifute. Kwa kuwa haina hadina, haigandi, na unaweza kurudia zoezi hilo hata saa nzima. Ukiridhika, gandisha tone moja kwa hadina na uliangalie likishakauka, kwa sababu rangi ikikauka inaweza kuhama kidogo. Karatasi ya maelekezo imeyapitia haya yote kwa sentensi moja, na hilo ni kosa lao kubwa zaidi.

Kosa la pili ni hadina. Maelekezo yanasema "matone machache". Matone ya nani? Jelikoti ya poliesta, resini iliyomo kwenye kopo hili, hutaka hadina ya kiwango cha asilimia 1 hadi 2, na pande zote mbili za kiwango hicho kuna hasara. Ikipungua chini ya 1, jelikoti haikomai hata ukisubiri wiki. Inabaki laini ndani na msasa unaivuta badala ya kuikata. Ikizidi, inashika upesi kwa joto kali, inakuwa kavu ya kuvunjika na inaweza kugeuka rangi. Mimi hutumia bomba la sindano la mililita 1 lisilo na sindano: kwa mililita 10 za jelikoti, mililita 0.2 ya hadina ni asilimia 2 kamili. Kampuni ingeweka kibomba kama hicho ndani ya boksi, nusu ya malalamiko ya wateja wake yangeisha. Ukishachanganya, kwenye hali ya nyuzi joto 20 hadi 25 una kama dakika 10 au 15 za kufanya kazi kabla haijaanza kuganda. Ikishuka chini ya 15, kukauka kunajikokota, na kuongeza hadina kupita kiasi si dawa. Subiri mchana uchangamke au lipashe joto eneo lenyewe kwa upole.

Kuhusu usalama, tahadhari imeandikwa kwa herufi ndogo mno nyuma ya kichupa. Hadina hii inaunguza, na tone moja jichoni linaweza kukupofusha. Glavu wameweka, miwani ya kinga hawakuweka. Tafuta yako kabla ya kufungua kifuniko. Wala usiikutanishe na asetoni kwenye chombo kimoja, maana mchanganyiko huo unaweza kulipuka. Fanya kazi penye hewa, harufu ya jelikoti si ya kukaa nayo ndani ya kibanda kilichofungwa.

Kitu nilichokipenda kuliko nilivyotarajia ni ile nailoni angavu. Anayeifungua seti mara ya kwanza anaweza kudhani ni kifungashio akaitupa. Jelikoti ya poliesta ikibaki wazi kwenye hewa, uso wake haukauki vizuri. Oksijeni inauzuia, unabaki unanatanata. Nailoni inaifungia hewa nje. Lakini faida yake ya pili ndiyo iliyonifurahisha: ukiitandaza juu ya pengo lililojazwa na kuipitisha kadi ngumu ya plastiki taratibu, kutoka katikati kwenda nje, unaona vipovu vya hewa vinasukumwa mpaka ukingoni na uso unalala sawa chini ya macho yako. Kazi ya msasa inapungua sana. Acha uvimbe mdogo tu, usisawazishe kabisa, kwa kuwa poliesta hunywea ikikauka na ukiisawazisha mapema utapata bonde.

Maandalizi hayategemei seti, ila bila hayo usilaumu chochote. Nta ya zamani iondolewe kwanza kwa dawa yake, kisha futa kwa asetoni ukielekea upande mmoja na kubadilisha kitambaa, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unaizamisha nta ndani ya mikwaruzo, na jelikoti mpya itagoma kushika. Kingo za pengo nazo zinataka kulazwa. Pengo jipya lina kingo kali, na chini yake mara nyingi kuna kigamba kilichoinuka ambacho bado kimeshikilia kwa upande mmoja. Mimi hukidokoa kwa ncha ya kisu mpaka kisiwepo kinachocheza, halafu nazilaza kingo ziwe na mteremko. Tepu ya karatasi kuzunguka pande zote inalinda sehemu nzima.

Msasa waliouweka haufai kitu zaidi ya kuanzia. Unaishia namba 600, na kwa namba hiyo kiraka chako kitakuwa sawa kwa mkono lakini kimefifia kwa macho. Nunua wako: 400 kwa kushusha uvimbe, kisha 600, 800, 1000, 1500, na 2000 kama unataka kioo. Wote wa maji, na uuzungushie kipande cha mpira mgumu au ubao. Vidole vitupu huchimba mitaro. Kila namba isugue ikikatiza mwelekeo wa ile iliyotangulia, ili uone alama za mwanzo zinapotea. Jelikoti ya boti nyingi ina unene wa karibu nusu milimita tu, kwa hiyo tepu ya kuzunguka kiraka ibaki mpaka uvimbe ukaribie kuisha. Kuna watu wamefuta pengo moja wakafungua jingine pembeni yake kwa msasa. Baada ya hapo ni dawa ya kung'arishia, halafu nta.

Ile mikwaruzo isiyokwamisha ukucha haihitaji kopo hata kidogo. Msasa wa 1000 kwa maji, wa 1500, dawa ya kung'arishia, imekwisha. Nasema hivi kwa sababu picha kwenye boksi inaonyesha mkwaruzo wa juujuu ukijazwa, na huo ni ushawishi wa kukumalizia kopo bure.

Nyufa nyembamba za nywele ni habari nyingine. Picha nyingine kwenye boksi inaonyesha mtu akizipaka juu kwa kijiti, nami nalipinga hilo waziwazi. Jelikoti haipenyi kwenye ufa wa nywele. Lazima ufa ufunguliwe uwe mfereji wenye umbo la V, kwa Dremel (mashine ndogo ya mkononi ya kuchongea) au kwa kona ya patasi, ndipo ujazwe. Na hata ukifanya hivyo, kama kilichouleta ni sitaha kunepa kila mtu anapokanyaga, au kishikizo cha kamba kilichofungwa bila ubao wa kukiegemeza kwa ndani, ufa utarudi palepale. Tibu kwanza kinachonepa.

Chini ya mstari wa maji nisingeitumia bila kufikiri mara mbili. Pengo lililofika kwenye faiba huko chini hunywa maji, na likizibwa likiwa bichi umeyafungia ndani. Likaushwe kabisa kwanza. Halafu kuna jambo ambalo maelekezo hayaligusi: kama shimo refu limejazwa epoksi, ambayo ni resini ya aina nyingine, jelikoti ya poliesta haishiki vizuri juu yake. Unayetaka kumalizia kwa jelikoti, jazia shimo kwa pati ya poliesta au ya vinilesta tangu mwanzo.

Matokeo kwenye boti yangu: mapengo ya omo ukiyatafuta kwa kuinamisha kichwa na kuvizia mwanga wa pembeni utayaona mawili, yale niliyoyajaza kwa mchanganyiko uliokuwa na njano zaidi kidogo. Mengine hayaonekani. Mikwaruzo ya ubavuni imekwenda yote, na ukipitisha kiganja hakuna kinachokwama. Ningewapa nyota nne kati ya tano kwa ajili ya kopo na nailoni, na ile ya tano wataipata wakiweka kibomba cha kupimia, wakibadilisha midomo ya vityubu, na wakichapa tarehe ya kutengenezwa kwenye kopo. Hiyo tarehe si jambo dogo. Jelikoti huzeeka ikiwa dukani kama inavyozeeka nyumbani, na iliyokaa sana huanza kuwa nzito yenye mabonge. Kabla hujalipa omba ulifungue kopo uikoroge: ikiwa laini bila punje, chukua, ikiwa na utando au inavutika, irudishe kwenye rafu. Iliyobaki baada ya kazi ihifadhi mahali pa baridi na giza, kifuniko kikiwa kimefutwa vizuri, na kichupa cha hadina ukiweke mbali nayo.