Apatimenti Upanga au vyumba vya kupangisha Chanika?

Zote zipo Dar: Upanga karibu na mjini, Chanika pembezoni. Kwa bei, Chanika inashinda. Unanunua kiwanja, unajenga vyumba viwili, ukipata fedha unaongeza. Upanga fedha yote inatakiwa mapema, au benki iingie.

Wapangaji Upanga hawako mbali: kuna Muhimbili na ofisi za mjini. Ila mlango ni mmoja. Mpangaji akihama, kodi yote imesimama. Chanika kodi ni ndogo, lakini ukiwa na milango minne, mmoja ukifungwa mitatu inaendelea kulipa.

Matunzo yana sura mbili. Apatimenti ina ada ya lifti, jenereta na mlinzi, mpangaji awepo asiwepo. Vyumbani ni choo kujaa na ugomvi wa luku; weka mita kila mlango tangu mwanzo.

Kwenye hati, tafadhali usiharakishe. Upanga, uliza kama sehemu yako ina hati yake pekee, chini ya sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo. Chanika, karatasi ya serikali ya mtaa haitoshi. Hakiki ofisi ya ardhi kabla ya kumlipa dalali.

Kama unaishi Mwanza au Muscat na huna ndugu wa kusimamia, apatimenti haitakusumbua sana kama vyumba. Kama upo Dar na mtaji ni wa kudunduliza, anza na vyumba.