Kahawa tatu za kuagiza, nikiwa Mtwara: uzoefu wangu

Kwa mwenye haraka: kati ya kahawa tatu nilizoagiza msimu huu, nitakayoendelea kuinunua ni ya Mbinga iliyokaangwa kidogo. Sijawahi kunywa kahawa nzuri kuliko hiyo nyumbani kwangu hapa Shangani. Na hiyohiyo ndiyo ninayosikia watu wakiilalamikia kuliko zote: chachu, nyepesi, haina nguvu, rangi imefifia. Ukiipika jinsi tulivyozoea kupika kahawa huku kwetu, malalamiko hayo ni ya kweli kabisa. Inataka maji yanayotokota na isagwe laini kuliko zile nyeusi. Ningependa mtu ajue hilo kabla hajafungua mfuko, maana nimeona watu wakigawa kahawa nzuri kwa kudhani wameuziwa mbovu.

Mtwara hatulimi kahawa. Tuko usawa wa bahari, na arabika, ile aina ya kahawa yenye ladha laini, inataka milima. Lakini lami inayotoka hapa ikapita Masasi, Tunduru na Songea, ikaendelea Mbinga hadi Mbamba Bay, imetufanya tuwe majirani wa Wamatengo na mashamba yao kuliko wengi tunavyodhani. Mzigo ukipakiwa kwenye basi unafika. Hata hivyo, madukani kwetu utakuta zaidi kahawa ya kopo ya kukoroga, na pakiti za unga ambazo hazisemi zilikaangwa lini. Ndiyo sababu niliamua kuagiza kwa wakaangaji wenyewe.

Niliagiza robo kilo kwa kila aina, punje nzima. Ya kwanza arabika ya Mbinga, iliyooshwa (yaani tunda lilimenywa na punje zikaoshwa kabla ya kukaushwa), imekaangwa kidogo. Ya pili arabika ya Kilimanjaro daraja la PB, yaani punje za mviringo, imekaangwa kiasi. Ya tatu robusta ya Kagera, ile aina nyingine ya kahawa, kali zaidi, imekaangwa sana mpaka punje zinang'aa mafuta. Bei zilikuwa kati ya Sh 10,000 na Sh 15,000 kwa mfuko, ukiacha hela ya mzigo. Kwa kipato cha mtu wa kawaida huku si pesa ndogo, na kwa bei hiyo mnunuzi ana haki ya kuuliza maswali.

Swali la kwanza ninalouliza siku hizi ni hili: imekaangwa tarehe ngapi? Siulizi inaisha muda lini, nauliza imekaangwa lini. Kwenye duka moja hapa mjini niliwahi kuuziwa pakiti iliyobakiza mwaka mzima kabla ya kuisha muda wake, na ndani hamkuwa na harufu yoyote. Sisi watu wa korosho tunalielewa jambo hili vizuri. Korosho iliyotoka jikoni ukiiacha wazi kwenye hewa ya pwani, kesho yake imelegea. Kahawa nayo hewa hii ya joto na unyevu inaimaliza, na iliyokaangwa sana inawahi zaidi, kwa sababu mafuta yake yameshatoka nje ya punje na yanaanza kuvunda. Mfuko wa robusta niliumaliza upesi kwa makusudi. Ule wa Mbinga uliweza kusubiri.

Tena kusubiri kwenyewe kunaisaidia. Kahawa ikishakaangwa inaendelea kutoa gesi ya kaboni dioksidi kwa siku kadhaa, na gesi hiyo ikiwa nyingi inayasukuma maji yasiingie vizuri kwenye unga. Iliyokaangwa sana inatulia baada ya siku chache tu. Iliyokaangwa kidogo ina punje ngumu zilizobana, inaachia gesi polepole, na mimi naiona inafunguka ladha kuanzia wiki ya pili. Kwa hiyo anayeogopa kuagiza mbali kwa sababu ya safari ya basi, safari hiyo haina madhara. Omba tu mfuko uwe na kile kitundu kinachotoa hewa bila kuingiza, na ukifika kwako uuweke kabatini, mbali na jiko na dirisha.

Sasa nirudi Mbinga, maana huko ndiko penye mambo.

Kahawa ikiwa kwenye kikaango inafika mahali inalia, pa pa pa. Mkaangaji wa kahawa ya kukaangwa kidogo huitoa muda mfupi baada ya mlio huo wa kwanza. Anayetaka nyeusi anaendelea mpaka mlio wa pili, na kadiri anavyoendelea punje inavimba, inakuwa nyepesi mkononi, inajaa vitundu vidogo ndani. Ukishalishika hilo, mengine yote yanaeleweka. Punje nyeusi imeshalegea, maji yanaingia na kutoka na kila kitu, kizuri na kichungu, kwa haraka. Punje ya Mbinga bado imeshikamana, na maji yasipokuwa moto sana yanaondoka na ule uchachu unaotoka mapema, huku utamu ukibaki kwenye mashapo. Anayesema ni chachu hajakosea, ulimi wake umemwambia kweli. Ila alichokionja ni kahawa iliyotoka nusu.

Utaijua hata kwenye kusaga. Nina mashine ya mkono yenye meno ya chuma, na kwa robusta nazungusha nikiwa naongea na watoto. Kwa Mbinga lazima nikae, niibane kwa magoti. Anayetumia kinu na mchi atapata kahawa ya kunywa, lakini kinu kinatoa vumbi na vipande kwa pamoja: vumbi linaleta uchungu, vipande vinaleta uchachu, na huwezi kurekebisha kimoja bila kuharibu kingine. Kama una fedha ya kununua kifaa kimoja tu, nunua mashine ya kusagia. Mzani wa jikoni ufuate. Birika la shingo nyembamba linaweza kusubiri miaka.

Napikia kwenye koni yenye karatasi ya kuchujia. Gramu 18 za kahawa, maji mililita 290. Unga wake uwe laini kama chumvi ya mezani, au uzidi ukubwa kidogo sana. Koni naisuuza kwanza kwa maji ya moto ili isiibe joto. Maji yakitokota namimina papo hapo, bila kusubiri: kwanza kidogo, kiasi cha mililita 45, kahawa iumuke kwa sekunde 40 hivi, kisha yaliyobaki kwa awamu mbili au tatu. Yote yakishuka ndani ya dakika tatu au kuzidi kidogo, niko pazuri. Ikiwa chachu ya kukunja uso, kesho nasaga laini zaidi kwa kituo kimoja cha mashine na sigusi kitu kingine. Ikikausha ulimi, narudi nyuma kituo kimoja. Kubadilisha kusaga, joto na kipimo kwa siku moja hakufundishi kitu, kwa sababu hujui kipi kimekusaidia.

Kuhusu hayo maji yanayotokota kuna jambo linalotuhusu sisi wa pwani. Mkaangaji wangu aliniandikia kwenye ujumbe, "Dada, chemsha, mimina, usiogope." Kwake, milimani, maneno hayo yana maana yake. Mahali penye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hapa Mtwara yanafika 100. Kwa hiyo maelekezo yaleyale, kutoka kwa mtu yuleyule, yanatoa kahawa mbili tofauti. Kwa kahawa yake iliyokaangwa kidogo joto letu la ziada ni faida, na nadhani kahawa hii inatoka vizuri kwangu kuliko inavyotoka kwao milimani. Kwa kahawa nyeusi joto hilohilo ni hatari.

Ikikubali, kikombe kinakuwa na harufu ya maua na ladha ya chungwa lililoiva vizuri, halafu utamu wa sukari guru unabaki mdomoni. Inazidi kuwa nzuri ikipoa. Mama mkwe, ambaye hanywi kahawa bila sukari, alionja akauliza nimetia nini. Nikamwambia, "Mama, sijatia kitu." Hakuniamini, akaomba aone sufuria.

PB ya Kilimanjaro sina mengi ya kuisemea, na hiyo ni sifa. Tunda la kahawa kwa kawaida lina punje mbili zilizolaliana. Likipata moja tu, inakua mviringo, na hizo huchambuliwa na kuwekwa daraja la PB. Herufi hizo zinaeleza umbo, hazikuahidi ladha, kama AA nayo inavyoeleza ukubwa wa punje. Huu mfuko lakini ulikuwa safi. Ukaango wake wa kati haukuhitaji ujanja: maji ya nyuzi 92 au 93, unga wa kati, na hata kwenye jagi la kusukuma lenye chujio la waya ilitoka tamu kwa dakika nne. Anayeanza kupika kahawa ya punje nyumbani aanze na ya namna hii.

Robusta ya Kagera imenigawa. Kwenye koni sikuipenda, na sidhani kuna namna ya kuipika kwenye koni nikaipenda: ilikuwa na moshi na uchungu uliofunika kila kitu. Nilishusha joto mpaka nyuzi 87, nikasaga unga wa chenga kubwa, nikaipa dakika nne kwenye jagi la kusukuma, ikawa ya kunyweka na maziwa. Ila kwenye birika la mkaa, na tangawizi iliyopondwa, ilikaa mahali pake. Nilimpelekea kidogo mzee mmoja muuza kahawa wa Mikindani, pamoja na ile ya Mbinga, nikamuuliza, "Mjomba, hizi ungezipika zote mbili kwenye birika?" Akazishika, akaivunja ya Mbinga kwa meno. "Hii mwanangu kanywe nyumbani kwako taratibu. Ya birika lazima ikaangwe mpaka ing'ae." Yuko sahihi. Kahawa ya kukaa juu ya makaa jioni nzima, inayonywewa kwa vikombe vidogo na kashata, inahitaji kuwa nzito mdomoni, na ladha laini za maua zingekufa kabla mteja wa pili hajakaa. Nawaheshimu wanaoijua kazi hiyo na siitaki ibadilike.

Ila niseme hili kwa wanaonunua nyeusi wakitafuta kuamka: weusi si nguvu. Kinachoifanya robusta ikushtue ni robusta yenyewe, yenye kafeini karibu mara mbili ya arabika. Arabika ukiikaanga mpaka iwe mkaa inapata uchungu, haipati kafeini ya ziada.

Jambo la mwisho kubwa ni maji, na hili limenisumbua kuliko ukaango. Maji ya kisima chetu yana chokaa na chumvi kidogo. Robusta haijali. Mbinga ikipikwa kwa maji hayo inakuwa bapa, uchachu wake wote unazimwa na kikombe kinabaki na ladha ya ubao. Maji ya mvua peke yake nayo hayafai, yanatoa kahawa kali isiyo na umbo. Ninachofanya msimu wa mvua ni kuchanganya: sehemu tatu za mvua yaliyochujwa na kuchemshwa, sehemu moja ya kisima. Kiangazi nanunua maji ya chupa kwa ajili ya kahawa tu. Kabla hujamlaumu mkaangaji, pika kikombe kimoja kwa maji mengine.

Kwa huduma: Mbinga naipa nyota tano, kwa kahawa na kwa mtu anayejibu ujumbe. Kilimanjaro nne, tarehe ya kukaangwa niliipata baada ya kuomba, haikuandikwa kwenye mfuko. Robusta tatu, na nne ukiwa na birika. Usiagize ya Mbinga kama unakunywa na maziwa mengi au huna muda wa kusaga asubuhi. Ile PB itakufaa zaidi na utaokoa hela.

Oda yangu ijayo ni nusu kilo ya Mbinga, mifuko miwili ya robo ili mmoja ubaki umefungwa. Nimemwomba mkaangaji aupeleke mmoja hatua ndogo mbele zaidi kwenye moto, nione kama utavumilia maji ya kisima wakati wa kiangazi.