Uanafunzi: kikundi cha wanaofanana au kikundi mchanganyiko?

Kanisa linaloanzisha vikundi vya uanafunzi, yaani vya kujifunza pamoja kumfuata Yesu, huweza kuwakusanya waumini wanaolingana umri na hali, au kuwachanganya. Kikundi cha wanaofanana huanza kwa urahisi, kwa kuwa vijana hufunguka upesi mbele ya vijana wenzao. Kikundi mchanganyiko huenda polepole: mzee anayeomba kwa sauti ya chini huketi kando ya kijana anayepaza sauti, na kila mmoja hulazimika kumngoja mwenzake amalize. Hata hivyo nakichagua hiki cha pili, kwani Yesu aliwaweka katika kundi moja la wanafunzi Mathayo mtoza ushuru, aliyeonekana mshirika wa watawala, na Simoni Zelote, ambaye jina lake huhusishwa na wapinzani wa utawala wa Kirumi, na Warumi 14 huwataka wanaokula nyama na wanaokula mboga wapokeane bila kuhukumiana.